MBAO ZA KWETU NA GITAA LA UMEME

(Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya maseremala)



Mmetaka nieleze kama chama cha maseremala chaweza kutengeneza magitaa ya umeme kwa mbao za hapa nchini, na kama yafaa Chama Kikuu kikikopeshe fedha kwa kazi hiyo. Swali la kwanza nalijibu ndiyo. La pili lina masharti.

Jambo hili si la mchezo. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilipigia vyombo vya mwajiri. Mwanamuziki aliyeacha kazi aliacha na gitaa. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi.

Gitaa kavu hulia kwa tumbo lake, na ubao wake wa juu hutaka ufundi mkubwa. La umeme hulia kwa sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Nyuzi za chuma zikitikisika juu yake, umeme hafifu huzaliwa na kupelekwa kwenye amplifaya. Kwa hiyo kiwiliwili chaweza kuwa cha mwembe mzee uliokoma kuzaa, au mgrivea wa kivuli katika shamba la kahawa, mradi ubao uwe mkavu na imara. (Vumbi la mgrivea huwawasha baadhi ya watu, apasuaye na ajifunike.) Mfupa wa ng'ombe hufaa kwa daraja dogo la kichwani. Nyuzi, waya na vyuma vya vidoleni tutaendelea kuvinunua kutoka nje, na si aibu kusema hivyo.

Shingo ndiyo yenye kesi. Nyuzi sita huivuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Mninga wafaa, kwa kuwa ukikauka hausinyai sana wala haujipindi ovyo. Katika ukaguzi wangu niliona chama kimoja kilichouza magitaa ya mbao mbichi. Shingo zilipinda kabla ya mwaka kwisha, wanunuzi wakadai fedha zao, na hisa za wanachama ndizo zilizolipa.

Vipimo navyo havina huruma. Uzi wa milimita 648 hugawanywa kwa 17.817 kupata nafasi ya kwanza, yaani milimita 36.4, kinachobaki hugawanywa tena vivyo hivyo, hata nafasi ya 12 iangukie katikati kabisa, milimita 324.

Ubao wa vidole ulio bora ni wa mpingo, mti mzito unaozama majini. Lakini mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa, na kipande kilichonyoka cha nusu mita ni adimu, kwani mti wenyewe hukua kwa kujipinda. Msiukate kiholela. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuuza mazao yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC cha usimamizi mwema wa misitu. Mpingo wa namna hiyo una asili inayojulikana, na fedha yake hubaki kijijini.

Kwa watakaouza nje: mipingo yote iliwekwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 2017, ingawa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo. Mninga na mkangazi viliingizwa katika mkataba kwa uamuzi wa mwaka 2022. Ulizeni Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kupokea oda, si baada yake.

Sasa fedha. Ubao wa sentimita 5 ukikaushwa kwa hewa hutaka miaka miwili hivi, na muda wote huo mtaji umelala bandani. Mkopo wa miezi 12 ni kitanzi kwa kazi hii. Nimependekeza utolewe kwa mafungu mawili: la kwanza la mbao na banda, la pili baada ya unyevu kupimwa na kuonekana hauzidi asilimia 12. Katibu atakayeomba fungu la pili alete daftari la mbao, likionyesha kila ubao ulitoka wapi, kwa kibali kipi na uliingia tarehe gani, pamoja na hati za kusafirishia. Nakala za picha sitazipokea.