Jina haliuzwi



Leo sikuleta jetoni. Nimekuja tuzungumze juu ya listi.

Njia ya Kasongo–Kabambare mnaijua. Mvua ikinyesha, lori linalala kwenye matope. Bunduki zikilia upande wa Salamabila, safari inasimama. Tukifika, tunafanya haraka: tunaandika majina siku moja, mbele ya nyumba ya shefu, tunarudi.

Njo vile nilifanya kwenye kijiji kimoja. Mama mjane, anayekaa kwa dada yake, alikuwa shambani ile siku. Sikumwandika. Siku ya kugawa, alisimama pembeni na watoto mpaka jioni. Shefu hakukosa, nilikosa mimi.

Zamani aliyesahauliwa aliweza kungoja mgao wa pili. Tangu Marekani ikate misaada yake mwaka 2025, mara nyingi wa pili haupo.

Kwa hiyo naomba: muungano wetu uweke daftari lake. Andikeni kila nyumba iliyorudi, pamoja na zile zilizowapokea wageni. Wajane, wazee na walemavu wasikose. Kisha someni majina mbele ya watu wote, mbele sisi hatujafika. Tukija, tutalinganisha na yetu.

Na hii msisahau: msaada ni bure. Mtu akiomba franga, mbuzi, ao mwili wa binti yako ili akuandike, hata akiwa amevaa jile kama yangu, mje mseme kwa kamati na kwetu.