Mzazi Aitwe Shuleni kwa Ujuzi Wake

Maoni yetu leo yanahusu shule za Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Nataka tujiulize: mwananchi anapoitwa shuleni, anaitwa kufanya nini?

Kwa miaka mingi jibu limekuwa moja: anaitwa kuchangia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, na baadaye shule za kata zilipoenea nchi nzima, wanakijiji walisomba mchanga, wakakusanya mawe, wakafyatua na kuchoma matofali. Nguvu za wananchi zilisimamisha majengo ambayo mpaka leo watoto wanasomea. Kisha, Januari 2016, ada na michango ya lazima ikafutwa. Familia nyingi zilipumua, na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wakaandikishwa. Lakini wazazi wengi walichukulia kwamba wamemalizana na shule. Na wasingeweza kuona vinginevyo, maana shule inayomjua mzazi kwa mchango wake tu, mchango ukikoma inampoteza mzazi.

Ninachosema leo ni kwamba mzazi wa Kilosa aitwe shuleni kwa ujuzi wake, akafundishe. Jambo hili lina haraka. Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika, na baadhi ya shule za sekondari zikaanza kufundisha mkondo wa amali: kilimo na ufugaji, ufundi, ukarimu na utalii, michezo, sanaa. Februari 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Sera hiyo inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na kijana atoke na ujuzi wa kumwezesha kuishi. Maneno ni mazuri. Lakini ingia kwenye shule ya kawaida ya kijijini utafute karakana. Tafuta randa, msumeno, cherehani, mashine ya kuchomelea. Tafuta mwalimu aliyewahi kujenga ukuta kwa mikono yake. Tukisubiri kila shule ipate karakana na mwalimu wa fani, watoto walioko darasani leo watamaliza bila kugusa chombo.

Kilosa, bahati nzuri, haina sababu ya kusubiri. Wilaya hii imejaa watu na taasisi zinazojua kazi. Pale Ilonga kipo kituo cha utafiti wa kilimo, kilichowapa wakulima wa nchi hii mbegu za mahindi kama Staha na TMV-1, zinazostahimili ugonjwa wa milia. Hapo hapo Ilonga kuna chuo cha kilimo na chuo cha ualimu. Mikumi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA. Kusini, kuelekea Kidodi na Ruaha, wakulima wa nje wa miwa wanauza kwa kiwanda cha sukari cha Kilombero. Malolo wanajua kilimo cha vitunguu cha umwagiliaji. Katikati ya Kilosa inapita reli ya kati iliyojengwa tangu enzi ya Mjerumani, na sasa reli ya kisasa, SGR, yenye mahandaki yaliyotobolewa kwenye milima ya wilaya hii hii, moja likiwa na urefu wa zaidi ya kilometa moja. Na mtoto wa Mikumi analala jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilometa za mraba 3,230. Inasikitisha mtoto huyo akimaliza shule ya msingi akiwa amemwona tembo kwenye picha ya kitabu, au usiku alipoingia shambani kwa baba yake, bila mtu yeyote aliyeketi naye kumweleza kwa nini tembo huyo anatoka hifadhini na nini kinaweza kumzuia.

Kuna funzo moja la Kilosa ambalo kila shule nchini ingefaa kulijua. Kuanzia mwaka 2012, mradi wa mkaa endelevu uliosimamiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, uliingia kwenye vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kitunduweta. Vijiji vilitenga misitu yao ya hifadhi kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vikaweka mpango wa uvunaji, na sehemu ndogo tu ya msitu ikaruhusiwa kukatwa kwa ajili ya mkaa. Uvunaji ulipangwa kwa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, na visiki vinabakizwa vichipue. Kitalu kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24. Ushuru wa mkaa uliingia serikali ya kijiji, mkutano mkuu ukaamua matumizi, na sehemu ya fedha hizo ikajenga madarasa na huduma nyingine za kijiji.

Fikiria, msikilizaji, masomo mangapi yamo humo. Kitalu cha mita 50 kwa 50 ni robo hekta, na hilo ni somo la hisabati ambalo mtoto anaweza kulipima kwa kamba na miguu yake. Kisiki kinachochipua ni sayansi. Mkutano mkuu unaosomewa mapato na matumizi ni uraia. Na hiyo miaka 24 ni somo zito kuliko yote: mtoto wa darasa la tano mwenye miaka 11, anayesimama leo kwenye kitalu kilichovunwa mwaka huu, atakuwa na miaka 35 zamu ya kitalu hicho ikirudi. Msitu huo unatunzwa kwa ajili yake. Akielewa hivyo akiwa mdogo, hutahitaji kumwekea mgambo akiwa mkubwa. Sisemi watoto wapelekwe kuchoma mkaa. Hiyo ni kazi ngumu ya watu wazima. Nasema wapelekwe kupima, kuhesabu na kuuliza, na wajumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji ndio wawe walimu wa siku hiyo.

Mfano mwingine ni mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao Kilosa na kukata reli. Mto huo bado upo, na mvua bado zinanyesha kwenye milima ya juu yake. Shule yoyote kando ya Mkondoa inaweza kuweka kipimo cha mvua, wanafunzi wakaandika kila asubuhi kiasi kilichonyesha, wakapanda miti ukingoni, na kuwauliza wazee maji yalifika wapi mwaka ule. Mzee aliyeona maji yakipanda ana somo la jiografia ambalo halimo kwenye kitabu cha kiada.

Najua lipo jambo linalowasumbua wazazi wengi, nalo lina haki ya kujibiwa. Mzazi anasema: nilimpeleka mwanangu asome, sikumpeleka akalime, maana kulima angelima nyumbani. Mzazi huyu ana kumbukumbu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayozalisha, mwanafunzi apange kazi, aifanye, aone matokeo na ajifunze hata kwa makosa yake. Lakini shule nyingi zilibakiza jembe na kuacha somo. Shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa namba, na mavuno yakaondoka bila mwanafunzi kujua yamekwenda wapi. Kuni na maji ya nyumbani kwa mwalimu navyo vikaitwa elimu ya kazi. Huo ulikuwa utumishi wa watoto, na mzazi aliyeuchukia hakukosea.

Kwa hiyo tuweke mpaka ulio wazi. Kazi ya mikono shuleni iwe na somo ndani yake, na mwanafunzi aweze kulieleza. Isitumike kuwa adhabu hata siku moja. Na kinachozalishwa kiandikwe kwenye daftari ambalo wanafunzi wenyewe wanalitunza, kisomwe mbele ya wazazi, na kirudi kwa wanafunzi kama uji wa mchana, kama daftari, kama vifaa. Shamba lisilotimiza hayo si shamba darasa, na kamati ya shule ilifunge.

Wengine watauliza kuhusu mitihani. Mtihani wa hisabati unauliza asilimia. Mkulima wa miwa wa Ruaha analipwa kwa kufuata uzito wa miwa na kiwango cha sukari iliyomo. Akimweleza mtoto hesabu ya malipo yake, huyo mtoto hatasahau asilimia. Tunakosea sana kudhani kwamba saa inayotumika nje ya darasa imeibwa kwenye mtihani.

Sasa, nani afanye nini? Kamati ya shule ianze kwa kuandika orodha: katika kijiji hiki nani fundi mwashi, nani anafuga nyuki, nani anashona, nani anatengeneza pikipiki, nani anajua dawa za mifugo, nani alikuwa mfanyakazi wa reli. Humo wataingia Wasagara, Wakaguru, Wavidunda, Wamasai na wengine wote waliohamia kwa kazi za mkonge na miwa. Kila mmoja apewe nusu siku katika muhula, kwa ratiba inayoheshimu msimu, maana mkulima humwiti shuleni wakati wa palizi. Mwalimu wa darasa awepo muda wote, kwa usalama wa watoto na ili aunganishe kazi hiyo na mtaala. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa izikutanishe shule na Ilonga, VETA Mikumi na hifadhi, kwa makubaliano ya maandishi yasiyotegemea urafiki wa mwalimu mkuu mmoja. Na wathibiti ubora wa shule, wanapokagua maandalio ya masomo, waulize pia ni mwananchi gani aliyefundisha hapa mwaka huu, na nini.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri bajeti kubwa. Yanahitaji mwalimu mkuu anayefungua mlango na mzazi anayeamini kwamba anachokijua kina thamani. Ujuzi hauzeeki, wahenga walisema, lakini hufa na mwenyewe asipoufundisha.

Ombi langu kwako, mzazi wa Kilosa, wa Mikumi, na wa kila wilaya inayonisikia, ni hili. Mkutano wa wazazi ujao, nenda. Ajenda ya mengineyo ikifika, simama useme unajua kazi gani, na uombe siku ya kuifundisha. Nawe mwalimu mkuu, andika jina lake na umpe tarehe kabla mkutano haujafungwa.

Hayo ndiyo maoni yetu kwa leo.