MASHINE YA USHIRIKA ILALE SALAMA MSIMU WA KUSI

(Maneno ya Katibu wa Chama mbele ya mkutano wa wanaushirika)



Tumeitana kwa jambo moja tu: mashine yetu. Kaskazi imekwisha, maleleji yanapita, na kusi inabisha hodi. Mnajua wenyewe, toka Mei mpaka Septemba bahari ya nje hapa Mafia si ya kuchezea. Kwa hiyo Kamati imeamua mashine kubwa, ya nguvu 40, ipumzike. Ile ndogo ya nguvu 15 itabaki tayari kwa kupeleka wagonjwa na wajawazito hospitali ya Kilindoni. Si ya samaki, si ya harusi. Mgonjwa hana msimu.

Wapo wanaosema, "Ifunikeni gunia, yatosha." Ndugu zangu, haitoshi. Maji ya chumvi yakibaki ndani yanakauka, chumvi inaziba njia za maji na kula chuma. Petroli ikilala kwenye kabureta inageuka kama gundi. Kusi ikipoa tutavuta kamba mpaka mikono iote malengelenge, na samaki wanapita. Mashine mpya ni mamilioni ya shilingi, tena vipuri tunavifuata Dar es Salaam.

Basi kazi itakwenda hivi:

1. Pangaboi litolewe kwanza. Tutazame nyuma yake kama kuna mshipi umejisokota, maana mshipi hukata sili. Mhimili upakwe grisi.

2. Mashine isimamishwe ndani ya pipa la maji matamu ya kisima, maji yapite juu ya matundu ya kunyonyea. Iwashwe, iende taratibu dakika 10, gia ikiwa huru. Ule mchirizi wa maji usipotoka, izimwe mara moja.

3. Ingali inanguruma, mpira wa petroli uchomolewe, iachwe mpaka izime yenyewe. Petroli iliyokwisha changanywa itumike kwenye mashine ndogo, isilazwe miezi mitano.

4. Plagi zifunguliwe. Kila tundu litiwe kijiko kidogo cha oili, kamba ivutwe polepole mara tano au sita ili oili ienee. Kisha plagi zirudishwe.

5. Oili ya gia imwagwe. Ikitoka nyeupe kama tui, ujue maji yameingia, na sili ibadilishwe sasa, si Oktoba. Oili mpya isukumwe kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu. Skrubu ya juu ifungwe kwanza, ndipo ya chini.

Baada ya hapo mashine isimamishwe wima juu ya kiunzi chake, maji yachuruzike yote. Tusiilaze kichwa kikiwa chini ya mguu, maji yatarudi ndani. Ifunikwe nguo inayopitisha hewa, isifungwe nailoni ikatoa jasho.

Boti nalo tutalipandisha bamvua, maji yakijaa sana, tulikalishe juu ya magogo. Kizibo kiachwe wazi, mvua isituame ndani. Lijengewe kivuli cha makuti, kwa sababu jua kali hupasua mbao. Habari ya kalafati na sifa hatuna la kuwafundisha wazee wetu. Tunawaomba wasimamie, na vijana washike patasi.

Sasa tuseme lile linalosemwa vichochoroni: mashine ikikaa kwa fulani, itakuwa ya fulani. Ndiyo maana haitakaa kwa mtu. Itakaa stoo ya ushirika, chini ya kufuli mbili. Ufunguo mmoja atashika mweka hazina, wa pili watashika akina mama, maana wao ndio wanaovushwa usiku wakiwa na uchungu. Mashine ndogo itakuwa na daftari lake: nani kaichukua, kampeleka nani, saa ngapi, petroli kiasi gani. Ile kubwa nayo, kila mwezi kamba yake itavutwa taratibu mbele ya mashahidi watatu, na wote watie sahihi.

Wengi wetu tumejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Tunajua uzito wa mstari mmoja ulioandikwa. Neno la mdomo hubishaniwa mpaka watu wakanuniana. Daftari hufunguliwa tu, yakaisha. Na asiyejua kuandika atie dole gumba, haki yake ni ile ile.

Mali ya wote isiyo na mlinzi huwa mali ya kutu. Siku ya kwanza ya bamvua kila nyumba itoe mtu mmoja. Vijana waje na magogo na kamba, akina mama watusaidie ndoo za kujazia pipa, na mafundi waje na spana zao. Anayeumwa atume salamu, tutamwelewa. Asiyeumwa tutamfuata nyumbani.

Ushirika, oyee!

Katibu wa Chama,
kwa niaba ya Kamati