Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya, Kagueni Njia

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Kanduyi)

Leo tunataka kuwaeleza jinsi tulivyokaribia kutumia pesa za hisa kwa jambo lisilohitaji pesa.

Ofisini kwetu tuna kompyuta mbili za zamani na laptopu mbili, zote zimeunganishwa kwa waya. Kompyuta moja kuukuu ndiyo inayotunza kitabu cha mikopo. Basi ikawa mama akija kuuliza salio lake, anangoja mpaka anachoka. Watu wakaanza kunong'ona: "Mbona mweka hazina hataki kutuonyesha hesabu?" Mnaona hatari hiyo? Mashine inakawia, mtu analaumiwa.

Wengine tulisema intaneti ni mbovu. Lakini kitabu kilikuwa mle mle ofisini, intaneti haikuhusika. Wengine wakasema tununue mashine mpya. Tukaamua kupima kwanza.

Tulichukua faili moja la megabaiti 60 tukalipitisha kati ya mashine mbili mbili. Njia ya megabiti 100 kwa sekunde hulimaliza kwa sekunde 5 au 6. Njia ya megabiti 10 hutumia karibu dakika nzima. Laptopu kwa laptopu: mara moja. Laptopu kwa ile kuukuu: tulingoja zaidi ya dakika kumi! Tukabadilishana waya, hali ni ile ile. Kumbe waya ni mzima.

Kosa lilikuwa kwenye mpangilio. Ile kuukuu ilikuwa imelazimishwa kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kisanduku kinachounganisha waya, kwa kuwa hakikupata jibu la makubaliano, kikachagua kupokezana zamu. Ni kama daraja jembamba: upande mmoja unangoja zamu, mwingine unaingia tu. Magari yanagongana, yanarudi, yanaanza upya. Ujumbe mfupi hupita, faili kubwa hukwama. Tuliirudisha mashine kwenye mpangilio wa kujichagulia, kama kile kisanduku. Shilingi hata moja haikutoka.

Nanyi mkipatwa na shida hii, fuateni hatua hizi:

1. Pimeni mashine mbili mbili, kwa faili lile lile.
2. Badilishaneni waya. Waya mmoja usizidi mita 100, usikunjwe, wala usifungwe pamoja na waya wa stima.
3. Hakikisheni pande zote mbili zina mpangilio mmoja.
4. Kama kisanduku ni cha aina ya zamani, ambacho mashine zote hugawana njia moja, hapo ndipo pesa itumike: badilisheni kisanduku, si kompyuta.
5. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati, mwandike daftarini.

Na mweka hazina wetu? Tulimwomba msamaha mbele ya mkutano. Tafadhali, nyinyi pimeni kabla ya kunong'ona.