Furaha, Ustawi na "Sijambo": Lugha ya Kupimia Hali ya Taifa



Mwaka 2017 Ripoti ya Furaha Duniani iliiweka Tanzania katika nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Burundi ilikuwa ya 154. Habari hiyo ilienea kwa kauli moja: Watanzania ni miongoni mwa watu wenye huzuni zaidi ulimwenguni. Lakini mwaka 2001, katika utafiti mwingine wa kimataifa kuhusu maadili na mitazamo ya watu, zaidi ya nusu ya Watanzania waliohojiwa walichagua jibu la juu kabisa walipoulizwa kama wana furaha, na kwa jibu hilo wakayapita mataifa mengi tajiri ya Ulaya. Ajabu ni kwamba katika dodoso hilohilo waliulizwa pia wanaridhika kwa kiasi gani na maisha yao, kwa kipimo cha 1 hadi 10. Wastani wao haukufika hata 4, nao ulikuwa miongoni mwa wastani za chini kabisa katika utafiti wote.

Wachumi wameuona mkanganyiko huu na baadhi yao wameitaja Tanzania kuwa kisa kisichofuata kanuni. Kwa mwanaisimu, kisa hiki si cha kuwekwa pembeni. Watu walewale, siku ileile, mbele ya mhoji yuleyule, wametoa majibu mawili yanayopingana. Kabla ya kudhani kuwa hawakuelewa maswali, yafaa kuchunguza maswali yenyewe yalitenda kazi gani katika lugha yao. Suala hili lina uzito wa kisera, kwa kuwa tangu Julai 2011, Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio namba 65/309, serikali zimehimizwa kuifanya furaha ya raia iwe mwongozo wa maendeleo. Serikali itakayopanga bajeti kwa kufuata jibu la kwanza italala usingizi. Itakayofuata la pili itapiga mbiu ya hatari.

Hoja kwamba ukuaji wa uchumi hautoshi kuwa dira si ngeni. Simon Kuznets, ambaye mwaka 1934 aliwasilisha hesabu za pato la taifa mbele ya Seneti ya Marekani, alionya katika taarifa hiyohiyo kuwa pato haliwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha ustawi wa taifa. Afrika Mashariki nayo haikusubiri kuambiwa: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, likaweka mahali pake watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kilichokosekana ni namna ya kupima. Na penye upimaji wa mambo ya moyoni, hapana budi pawe na maneno.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili ni Bhutan, ufalme mdogo ulioko kati ya India na China. Katika miaka ya 1970 Mfalme Jigme Singye Wangchuck alisema kwa Kiingereza kuwa furaha ya taifa ni muhimu kuliko pato la taifa. Katika lugha hiyo kauli yake ina mchezo wa maneno: neno moja tu la istilahi ya wachumi limebadilishwa, na istilahi nzima ikageuka. Mchezo huo haufasiriki. Mfasiri wa Kiswahili anayeanza na "Pato Ghafi la Taifa" ataishia na "Furaha Ghafi ya Taifa", na msikilizaji atafikiria furaha ambayo haijapelekwa kiwandani.

Katika Kidzongkha, lugha ya taifa ya Bhutan, dhana hii huitwa Gyalyong Gakid Pelzom. Kiini chake ni gakid, neno ambatani ambalo sehemu yake ya kwanza hurejelea furaha ya moyo na ya pili utulivu wa hali. Kwa hiyo neno lenyewe linakataa kutenganisha kinachohisiwa na kinachoishiwa. Mwaka 2008 katiba ya nchi hiyo, katika ibara ya 9, iliiagiza dola kujitahidi kuweka mazingira yatakayowawezesha watu kuitafuta hali hiyo. Yafaa kuzingatia kuwa katiba haikuahidi furaha. Iliahidi mazingira yake, na hapo ndipo penye busara ya mpango mzima.

Kipimo chao nacho hakitegemei swali moja. Kina nyanja 9 na viashiria 33. Mhojiwa huulizwa, miongoni mwa mengine, analala saa ngapi, anafanya kazi saa ngapi, anawaamini majirani kiasi gani, wanyamapori wanaharibu mazao yake au la, na anaizungumza lugha yake ya kwanza vizuri kiasi gani. Kwa kila kiashiria kuna kiwango cha kutosheleza. Anayefikia utoshelevu katika asilimia 66 ya viashiria, kwa uzito wake, huhesabiwa kuwa mwenye furaha. Kwa kipimo hicho asilimia 40.9 ya waliohojiwa mwaka 2010 walifikia kiwango, na mwaka 2022 asilimia 48.1. Yaani kwa hesabu ya serikali yenyewe, zaidi ya nusu ya raia wa nchi inayosifiwa duniani kwa furaha hawajaifikia. Takwimu za namna hii zinaaminika zaidi kuliko sifa.

Hata hivyo, kiashiria cha lugha ya kwanza kinaleta kumbukumbu chungu. Kusini mwa Bhutan waliishi Walhotshampa, wasemaji wa Kinepali. Sheria ya uraia ya mwaka 1985 na sensa ya mwaka 1988 ziliwaondolea wengi wao uraia. Kinepali kikaondolewa shuleni, na mavazi na adabu za Wabhutan wa kaskazini zikafanywa sharti kwa wote. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 makumi ya maelfu walijikuta katika kambi za wakimbizi nchini Nepal, na baadaye zaidi ya 100,000 walihamishiwa nchi nyingine, wengi wao Marekani. Utafiti wa furaha ulipopita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, watu hawa hawakuwamo katika nyumba za kupitiwa. Nchi inayoihesabu lugha ya mama kuwa sehemu ya furaha ilikuwa imekwisha kuwapokonya watu lugha yao darasani. Hili halibatilishi kipimo, bali linaonyesha kuwa katika "furaha ya taifa" neno la hatari ni la pili.

Sasa Kiswahili. Furaha kwa matumizi ya kawaida ni tukio: mtu hupata furaha, hujawa na furaha, hulia kwa furaha. Ina sababu na ina mwisho. Raha ni hali ya mwili na starehe, na imebeba lawama kidogo, kwani "mpenda raha" hasifiwi. Heri imefungamana na majaliwa, na serikali haigawi heri. Kuridhika kuna maadili ndani yake, maana aliyeridhika ni mtu mwema asiye na tamaa, lakini pia yawezekana ni mtu aliyekata tamaa. Ustawi hutokana na kitenzi stawi, ambacho mkulima hukitumia kwa mahindi kabla mwanasiasa hajakitumia kwa jamii. Hakuna anayeuliza muhindi kama una furaha. Hutazamwa majani yake, udongo wake na maji yake. Miongoni mwa maneno haya yote, ustawi ndilo lililo karibu zaidi na kile ambacho katiba ya Bhutan iliahidi, na si bahati mbaya kwamba MKUKUTA wa mwaka 2005 uliutaja ustawi wa jamii na kuiacha furaha.

Lakini semantiki ya neno haitoshi kueleza majibu ya mwaka 2001. Maelezo yako katika pragmatiki, na hasa katika maamkizi. Msemaji wa Kiswahili akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata kama ana homa. Akiulizwa "Habari za nyumbani?" hujibu "Nzuri" au "Salama", kisha, baada ya pumzi moja, huongeza: "ila mtoto amelazwa." Jibu la kwanza si uongo. Ni kibali cha kuendelea na mazungumzo, ni staha kwa muulizaji, na kwa wengi ni shukrani kwa Mungu pia. Taarifa huja baada ya "ila". Mwenye kuondoka baada ya "Nzuri" ameondoka na salamu tu.

Swali la furaha, likitoka kwa mgeni aliyebisha hodi na kukaribishwa, lina sura ya maamkizi, na Mswahili hulijibu kwa adabu ya maamkizi. Swali la kuridhika halina sura hiyo. Linamruhusu mtu kusema yaliyo baada ya "ila": maji, karo, bei ya mbolea. Kwa mtazamo huu majibu mawili ya mwaka 2001 hayapingani. Ni sehemu mbili za zamu moja ya mazungumzo, ambazo mtafiti alizirekodi katika safu mbili tofauti.

Na nafasi ya 153? Swali linalotumiwa na ripoti hiyo halina neno furaha hata kidogo. Mhojiwa huombwa kuwazia ngazi yenye vidato kutoka 0 hadi 10, ambapo cha juu ni maisha bora kabisa awezayo kuwa nayo, na cha chini ni mabaya kabisa. Furaha iko katika jina la ripoti tu. Isitoshe, tangu uchaguzi wa mwaka 2005, "maisha bora" kwa msikilizaji wa Tanzania ni kaulimbiu ya kampeni. Anayeulizwa yuko kidato cha ngapi kuelekea maisha bora ana haki ya kudhani ameulizwa ahadi imetimizwa kwa kiasi gani. Uchumi uliokuwa ukikua kwa takribani asilimia 6 kwa mwaka haukumpandisha ngazi, na hilo ni jambo zito ambalo lilistahili mjadala wa sera. Badala yake mjadala ulipotelea katika swali la kama Watanzania wanajua kucheka.

Ofisi za takwimu zikitaka kulichukua jambo hili kwa uzito, kazi ya mwanzo iko mezani kwa wanaisimu. Dodoso lisifasiriwe kutoka Kiingereza, bali litungwe kwa Kiswahili na kujaribiwa Kigoma, Pemba na Lindi kabla ya kuchapwa. Maamkizi yamalizwe kama yanavyomalizwa baina ya watu, ndipo maswali yaanze. Liulizwe jambo linaloonekana: usiku wa jana mtu alilala saa ngapi, kuna nani wa kumkopesha akiuguliwa, binti akitumwa dukani jioni mzazi huwa na wasiwasi au la. Wahoji wafundishwe kunyamaza kidogo baada ya jibu la kwanza. Na mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya pili, kama ilivyo kwa wazee wengi wa vijijini, swali liulizwe kwa lugha ambayo mhojiwa huitumia anapolalamika nyumbani kwake.