Mtoto Aelewe Swali Kwanza

 

Mtoto wetu huanza kusema Kividunda, kisha husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo mengi yanageuka Kiingereza. Anaijua baiolojia, lakini asipojua kuwa "except" ni "isipokuwa", atachagua jibu lisilo sahihi. Alama imepotea, na somo alilijua.

Somo la Kiingereza nalo lina ufahamu na ufupisho. Hayo hayakaririki, yanataka mazoezi. Mwanafunzi asome maswali kwanza, kisha kifungu chote bila kukwama kwenye kila neno gumu. Arudie tena, akikisia maana kwa maneno ya jirani. Mwisho ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Nusu saa kila siku inatosha kuanzia.

Mzazi usiyejua Kiingereza, usikae pembeni. Mwambie mwanao akusimulie kwa Kividunda alichosoma. Akishindwa kusimulia, hajaelewa, arudi kitabuni.

Lakini atasoma nini kama kitabu hakuna? Ndiyo maana leo tunachangia vitabu vya hadithi, kamusi na mitihani iliyopita. Nawe uliyesoma, ukija likizo, kaa na vijana jioni moja, wasome mkiwa pamoja.

Haba na haba hujaza kibaba.