Habari za Kapteni Joubert, Askari wa Ziwa Tanganyika



Mtu akisimama kwenye ukingo wa nchi ya juu ya Ufipa, upande wa machweo, huliona Ziwa Tanganyika chini yake, na ng'ambo huona milima ya Kongo. Katika karne ya 19 maji hayo yalipitiwa na madau yaliyojaa watu waliofungwa, wakipelekwa Ujiji na kutoka huko pwani. Leo twataka kueleza habari za afisa mmoja wa askari aliyeishi kando ya maji hayo, kwa maana maisha yake yatusaidia kupima kazi ya silaha.

Jina lake Léopold Louis Joubert. Alizaliwa Saint-Herblon, Ufaransa, mwaka 1842. Mwaka 1860 aliingia katika jeshi la Papa wa Roma, ambaye siku zile alikuwa na nchi yake ya kutawala, na Waitalia walitaka kuitwaa. Mwaka ule ule jeshi la Papa lilishindwa vibaya Castelfidardo. Joubert akaendelea kutumika hata akapata cheo cha kapteni. Lakini tarehe 20 Septemba 1870 mji wa Roma wenyewe ukatwaliwa, na jeshi likavunjwa. Basi alipokuwa na umri wa miaka 28 alikuwa kapteni asiye na askari.

Mwaka 1880 Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, aliyeanzisha Shirika la Mapadre Weupe, alikuwa akitafuta askari wa zamani wawalinde mapadre wake huku bara. Joubert akaja. Mwaka 1885 akarudi kwao, na wengi wangalisema amekwisha kutimiza wajibu wake. Lakini mwaka 1886 alikuja tena, akafika Karema, jirani yetu wa kaskazini, na mwaka 1887 akavuka ziwa kwenda Mpala.

Hapana budi tuseme hali aliyoikuta. Karema ilikuwa kituo cha Wabelgiji tangu 1879, na Mpala tangu 1883, kabla havijapewa mapadre mwaka 1885. Mkuu wao alikuwa afisa mwingine, Emile Storms. Mwezi wa Desemba 1884 watu aliowatuma walimwua Lusinga, mtawala wa Watabwa, wakamkata kichwa. Na fuvu lake likachukuliwa hata Ubelgiji. Kwa hiyo wenyeji walikuwa wamekwisha kuona bunduki za Mzungu zaweza kufanya nini. Haikuwa ajabu kama walimtazama huyu wa pili kwa mashaka.

Joubert alifanya maskani. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa nchi ile, akajenga boma Mrumbi. Watu waliokimbia wateka watumwa wakakusanyika kwake, naye akawafundisha vijana wao kulinda zamu na kupiga bunduki. Vilevile aliamua mashauri. Watu wa Rumaliza, bwana mkubwa wa biashara Ujiji, waliitaka pwani ile, na kwa miaka kadhaa boma lilikuwa katika hatari kubwa. Mwaka 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alifika na msaada, na kufikia 1894 nguvu za Rumaliza zilivunjika.

Hatutaki kumsifu kupita kiasi. Boma lile lile lililowaficha waliokimbia lilikuwa pia mlango wa utawala wa kigeni, na sheria zake hazikutungwa na wenyeji. Tena Joubert peke yake asingaliweza kulinda hata shamba moja. Walinzi wa kweli walikuwa vijana wa nchi, na ni haki tuwakumbuke pamoja naye, ijapokuwa vitabu vimewasahau.

Lakini jambo moja lamtofautisha na maafisa wengi. Vita vilipokwisha hakuondoka. Alibaki na mkewe na watoto wake, akawa mzee miongoni mwa wazee, hata akafa tarehe 27 Mei 1927 huko Misembe, karibu na Moba, mwenye umri wa miaka 85. Mtu ajuaye kwamba atazeeka kati ya wale anaowaamuru hufikiri mara mbili kabla ya kuamuru.

Ndugu zetu, babu wa Ufipa walikuwa mafundi wa chuma, na mabaki ya tanuru zao ndefu za udongo yangali yakionekana. Chuma kilichotoka katika tanuru moja kiliweza kuwa jembe, na kiliweza kuwa mkuki. Tanuru haikuchagua, mtu ndiye aliyechagua. Storms na Joubert walikuwa na bunduki katika nchi moja, katika miaka iliyokaribiana. Basi mwenye kupewa nguvu, akiwa askari, mkuu wa kijiji au mwalimu, asiulizwe ameshinda vita vingapi. Aulizwe ni nani wanaolala usingizi usiku kwa sababu yake.